Niliing'oa Fremu ya Ma Koletha Hadi Waya

Jamani, mimi nimekosa, na kosa langu sina wa kumsingizia. Si mume, si shetani, si jirani mwenye kijicho. Ni mimi na mdomo wangu! Ndiyo maana naomba jina langu lifichwe, ingawa wateja wangu wa Miembeni wakisoma hapa watanitambua tu, maana walikuwepo barabarani wakicheka.

Nina saluni. Nasuka, naosha nywele, napamba maharusi. Kwa miaka kadhaa nilipanga fremu, chumba cha duka, kwa mama mmoja mjane hapa hapa Miembeni, Bukoba. Nitamwita Ma Koletha, ingawa si jina lake. Fremu iko mbele, inaangalia barabara, na yeye anaishi nyumba ya nyuma. Katikati kuna ua wenye bomba la maji.

Kila asubuhi nikifungua mlango, Ma Koletha alikuwa anakuja na kikapu chake kidogo cha kahawa, ile yetu ya kutafuna. Ananimiminia punje chache kiganjani, tunatafuna, tunasema watu kidogo, kisha kila mtu kazini kwake. Kwa asiyetujua sisi Wahaya, kahawa ile anapewa mgeni na anapewa mtu wa nyumbani. Mtu asiyekutaka hakupi.

Siku ananikabidhi hiyo fremu ilikuwa fremu kweli. Kuta nne, bati, mlango wa chuma, sakafu ya saruji iliyoparuza miguu. Kulikuwa na taa moja inayoning'inia kwenye waya wa kizee, na bomba la kutolea maji machafu ukutani nyuma. Basi.

Akaniambia, "Mwanangu, malizia unavyopenda. Siku ukiondoka, uniachie fremu yangu."

Nikasema, "Sawa, Ma." Tukatafuna kahawa, mkataba ukawa huo.

Nikamalizia! Si mnajua sisi tukitaka kuonekana? Nikapiga dari la jipsamu lenye taa za duara. Nikaweka marumaru nyeupe hadi mteja anajiona uso sakafuni. Ule waya wa kizee nikautupa, nikapitisha nyaya mpya. Lile bomba la maji machafu nalo nikaling'oa, nikaweka pana zaidi, maana nywele zilikuwa zinaliziba. Wanawake walitoka hadi Muleba kuja kuoshwa kwangu, na mimi nikawa natembea nimenyanyua kidevu.

Sasa, ng'ambo ya barabara likaota jengo. Jipya, limewekwa vioo mbele kutoka chini hadi juu, kingo za aluminiamu zinang'aa. Nikaliangalia mwezi baada ya mwezi linavyopanda. Siku lilipoisha moyo wangu ulikuwa umeshahamia, mwili tu ndio ulibaki kwa Ma Koletha.

Mwenye jengo ni kijana mmoja anayevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Nikamuuliza, "Fremu imekamilika?"

"Imekamilika, mama."

Nikaingia. Nikaona vioo, nikaona ukutani pale pa soketi pana vifuniko vyeupe vizuri, nikaona koki ya maji inang'aa. Nikajiona ndani ya vioo vile nimekaa kama mke wa waziri. Koki sikuifungua. Vifuniko sikuvigusa. Nililipa, nikaondoka zangu nikiimba.

Mngedhani ningehama kwa amani. Ningehama! Ila kuna mteja wangu mmoja, Mama Jeni, akiwa chini ya draya ya kukaushia nywele akanipigia kelele, si mnajua mtu akiwa kwenye draya anavyoongea, "Weee, ukihama huyu mama ataingiza saluni nyingine humu humu kwenye jipsamu lako! Na watu watasema urembo wote huu ni wake!"

Hapo damu ikanipanda. Hakuwa na ushahidi wowote, ni maneno ya kwenye draya tu, lakini mimi niliyameza mazima mazima.

Nikakumbuka nikiwa mdogo kwetu Kimwani. Tata, baba yangu, aliazima kipande cha shamba kwa jirani, akapanda migomba yake. Walipotofautiana, siku ya kuondoka alichimbua miche yake yote, akaibeba begani mbele ya watu, na hakuna aliyemwambia neno. Nikajisemea, damu ya Tata hii hapa! Nilichopanda nitaondoka nacho.

Nikaita mafundi na nyundo zao.

Mawe, mama yangu! Ilikuwa vurugu. Dari likashuka, taa zikashuka. Marumaru zikabanduliwa, nusu zikavunjika, nami nikasema hata zilizovunjika zitoke. Vumbi likatoka mlangoni kama tunapepeta unga. Watu wakasimama barabarani.

Ma Koletha akatoka nyuma, anajifuta mikono kwenye kanga. Akachungulia.

"Mwanangu, na waya?"

"Na waya, Ma! Nilinunua mimi."

"Lakini ulikuta waya."

"Nilikuta uliochoka!"

Akanyoosha kidole ukutani. "Na bomba la maji machafu?"

Ndipo nikatoka hadi kibarazani, mkono kiunoni, ili wote wasikie. Nikasema kwa sauti, "Ma, uliniambia nikuachie fremu. Fremu ni kuta, bati na mlango! Hivyo hapo nimekuachia!"

Watu wakacheka. Mmoja akapiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, niliinama kidogo kama mtu aliyemaliza kuimba kwaya.

Ma Koletha akageuka. Akainama, akachukua sufuria iliyokuwa pembeni ya kibaraza, imefunikwa kwa majani ya mgomba. Alikuwa amenipikia ndizi na maharage, za kuniaga. Juu ya yale majani pametanda vumbi la jipsamu langu. Akarudi nayo nyuma polepole. Niliona, jamani. Niliona kabisa, nikajifanya nahesabu soketi.

Nikavuka barabara na vitu vyangu. Jumamosi ya wiki ile nilikuwa na harusi kubwa. Bibi harusi wa Muleba, wapambe wake, mama yake, mashangazi, wote vichwa vyao kwangu. Kazi ya namna hiyo ikienda vizuri, mji mzima unakujua. Ikiharibika, unajulikana pia.

Nikafunga sinki. Nikafungua koki. Kimya. Hata ile pumzi ambayo koki huitoa maji yakikatika, haikutoka. Fundi akafungua vifuniko vya soketi, ndani mna matundu tu. Hakuna waya hata mmoja. Na huko nyuma, maji machafu hayakuwekewa hata pa kupita.

Nikampigia kijana wa miwani. Akaja, anacheza na funguo za gari.

"Mbona hamna maji wala umeme? Si ulisema imekamilika?"

Akanishangaa kabisa, wala hakuwa na ubaya. "Mama, fremu imekamilika. Fremu ni kuta, bati na mlango. Maji na umeme mpangaji anavuta mwenyewe."

Yesu wangu! Maneno yale yale! Nilijisikia nikisemwa kwa mdomo wangu mwenyewe, maneno niliyokwisha kuyatangaza barabara nzima.

Na kuvuta maji na umeme si jambo la siku mbili. Unaomba, unasubiri wapimaji, unasubiri nguzo, unasubiri tena. Nilikaa kwenye vile vioo vyangu, kila anayepita ananiona nilivyokaa. Siku hiyo ndiyo nilijua hasara ya vioo.

Jioni nikampigia Tata Kimwani. Nilitaka anionee huruma. Nikamweleza yote, nikamkumbusha na ile migomba yake aliyochimbua.

Akaniuliza, "Na mashimo uliyafukia?"

"Mashimo gani, Tata?"

"Mimi nilichukua miche yangu, nikafukia mashimo. Na migomba niliyoikuta pale niliiacha imesimama, nimeipalilia. Wewe ya kwake uliitupa, halafu na ya kwako ukaing'oa. Sasa umemwachia nini?"

Kisha akaniuliza kama huko Bukoba mvua imenyesha. Yeye kwake mazungumzo yalikuwa yameisha.

Jumamosi ikafika. Bibi harusi kashuka na watu wake, wanatafuta saluni yenye vioo. Nikawaambia, "Karibuni, karibuni, leo tunafanyia nyumbani kidogo." Nyumbani kwa nani, sikusema. Nikavuka nao barabara, nikapita pembeni ya ile fremu niliyoikwangua, nikaingia uani.

"Kaboneka, Ma," nikamwamkia Kihaya, nimepiga goti.

Ma Koletha alikuwa anamenya ndizi. Akaniangalia, akawaangalia wageni, akamwangalia bibi harusi aliyefunga kitambaa kichwani, macho yameshaanza kujaa machozi.

"Ingieni," akasema. "Bibi harusi asikae juani."

Tuliosha vichwa vyote pale bombani uani, kwenye beseni zake. Draya nikaichomeka sebuleni kwake, chini ya picha ya Bikira Maria. Aliondoa kochi mwenyewe kutupisha. Alichemsha chai. Siku nzima nilikuwa nasubiri anipige neno moja, hata la pembeni, nipumue. Hakusema!

Bibi harusi alitoka pale amependeza hadi mashangazi walipiga vigelegele. Mama yake akanishika mkono akaniambia, "Una mama mwema sana wewe."

Mimi nikaangalia chini. Ma Koletha naye akaendelea kukusanya vikombe.

Walipoondoka nikaona hapa hapa, nisichelewe. Nikasema, "Ma, nisamehe. Nirudishie fremu. Nitairudisha yote, jipsamu, nyaya, yote."

Akasema, "Nimekusamehe. Ila fremu nimeshampa mtoto wa dada yangu. Anatoka Muleba, anauza dagaa wa Bumbire. Alisema anataka kuta, bati na mlango tu. Nikamwambia basi, ipo."

Alisema bila kunicheka. Angenicheka ingekuwa afadhali.

"Na ile saluni nyingine uliyokuwa unataka kuingiza?"

"Saluni gani?" akaniuliza. Alishangaa kweli, sura nzima. Ndipo nikajua Mama Jeni alikuwa anajisemea tu chini ya joto.

Sikukaa bure, msinione mbaya hadi mwisho. Nilituma fundi akapitisha nyaya mpya kwenye ile fremu, akaweka taa, akarudisha bomba la maji machafu, akasawazisha sakafu nilipokwangua. Mashimo nilifukia, Tata asije akaniuliza tena. Ma Koletha alikuja kuangalia, akawasha taa, akazima, akasema, "Asante, mama."

Asante, *mama*. Zamani alikuwa ananiita mwanangu.

Basi wenzangu, mnaopanga na mnaopangisha, nisikilizeni mimi niliyeumwa. Kabla ya kuingia kwenye fremu, fungua koki. Bonyeza taa. Mwaga maji uone yanaelekea wapi. Usiulize kama imekamilika, maana kila mtu ana kukamilika kwake. Uliza maji yapo, umeme upo, bomba la kutolea lipo. Na ulichokikuta, kiandike au kipige picha, ili siku ya kuondoka ujue kipi ni mti wa mwenye shamba na kipi ni mche wako. Ukibadilisha cha kwake ukaweka cha kwako, hicho sasa ni cha nyumba. Kiache! Na ukisikia neno kutoka kwa mtu aliye chini ya draya, mwache kwanza nywele zikauke.

Mimi niko kwenye vioo vyangu. Umeme uliwaka juzi juzi. Maji bado, eti bomba kubwa liko mbali. Kwa hiyo kila asubuhi navuka barabara na ndoo zangu, napita mlangoni kwenye dagaa, naingia uani kwa Ma Koletha kuchota.

Namkuta amekaa na yule mtoto wa dada yake, kikapu kiko katikati yao, wanatafuna na kucheka. Nasalimia, ananiitikia vizuri. Ananiambia nichote tu hadi nitosheke, na mara nyingine ananisaidia kunitwisha ndoo kichwani.

Maji ananipa. Kahawa hanipi.