Kenchi za Bertilla

Bertilla ni mbishi, na mimi Evaristi nina haki ya kusema hivyo. Nilikuwa nimeezeka nyumba hapa Mollo miaka thelathini kabla yeye hajashika nyundo.

Alianza kwa kuuza mbao sokoni Sumbawanga mjini, akawa anawadodosa mafundi waliokuja kununua mpaka akaingia kazini mwenyewe. Tulimcheka sana. Siku tunamzika baba yake, jeneza lilikwama kwenye nguzo ya kubeba paa iliyosimama katikati ya kanisa letu la kigango, ikabidi waliinamishe upande ndipo lipite. Bertilla alilia kwa hasira. Kigango kilipoamua kujenga upya, aliiambia kamati kwamba ataezeka yeye, na nguzo ya katikati hataki hata kuiona.

Ukuta hadi ukuta ni futi ishirini na tatu. Mbao huku zinauzwa za futi kumi na mbili. Kila fundi anajua: unachukua mbili, unaziunga katikati, unapiga misumari, mbao ya chini ya kenchi, ile pembetatu inayobeba paa, imekwisha. Nilimweleza vizuri tu. Yeye akawa anaweka mbao nzima katikati, nyingine anaikata mara mbili na kuiunga huku na huku ili viungo vikae pembeni, tena anavishikiza kwa vipande vya mbao pande zote mbili. Mbao zikaisha upesi. Kamati ikaja juu: nguzo irudi, kazi apewe Evaristi. Sikukataa, nilifurahi.

Bertilla akaomba siku moja. Akasimamisha kenchi mbili uwanjani, kila moja juu ya marundo mawili ya matofali, zikashikwa kwa kamba zisilale. Moja yake, nyingine yangu, niliyoiunga kwa mkono wangu nisije nikasema kanihujumu. Watu wakaanza kuning'iniza magunia ya mahindi katikati. Gunia la nne, yangu ikaanza kulia. La tano, misumari ikachomoka kwenye kiungo na mzigo wote ukaenda chini. Yake ilibeba manane, tukakosa magunia ya kuongeza.

"Hapo katikati panavutwa, mzee wangu," aliniambia. "Na sisi ndipo tunapoweka kiungo."

Wanakwaya walikuwa wanapiga vigelegele. Nilitamani kuondoka kimyakimya, aibu ile ingenitosha kwa siku moja, lakini nilishindwa.

"Bertilla," nikasema, "lile darasa la watoto wadogo ambalo wazazi wa Malangali walijijengea, niliezeka mimi mwaka juzi. Kenchi sita. Zote niliziunga katikati."

Nilimngoja anicheke, maana nilikuwa nimestahili. Hakucheka. Alianza kukusanya mbao zilizobaki, zile zile za kanisa, akawaita vijana wazipakie kwenye mkokoteni, kisha akaniuliza funguo za darasa anazo nani.