Matundu ya Hewa ya Fundi Gabrieli

Siku Fundi Gabrieli alipoteremsha jukwaa lake la ujenzi, Mwalimu Amne alitoka ofisini akiwa bado ameshika chaki ili alione darasa jipya likiwa wazi kwa mara ya kwanza. Alizunguka hadi upande wa mashariki, akainua uso, na chaki ikamdondoka. Juu kabisa, pale ukuta unapochongoka kulifuata paa, matundu ya kupitishia hewa yalikuwa yamepangwa wima, kisha yakakatishwa na mengine ya mlalo. Ulikuwa msalaba, mzuri, ulionyooka, unaoonekana tangu barabarani.

"Gabrieli, hiki ni nini?"

Fundi naye aliinua uso, akautazama kama mtu anayeonyeshwa kazi ya mwingine.

"Mama yangu! Mwalimu, mkono umejiendea wenyewe."

Hakuwa anadanganya. Maisha yake yote alikuwa amejenga vigango, makanisa madogo ya vijijini, kuanzia Mungaa hadi Mkiwa. Ramani aliyopewa na halmashauri iliishia kwenye linta, mkanda wa zege juu ya madirisha. Juu ya hapo aliambiwa amalizie mwenyewe, naye akamalizia kama alivyozoea.

"Basi ziba."

"Kuziba?" Gabrieli alirudi nyuma. "Mwalimu, mimi ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani. Kuujenga, nimeujenga kwa kusahau. Kuuziba, nitakuwa nimeuziba kwa kukusudia."

Shule ile ilikuwa ya serikali, na matofali yake yalichomwa na wazazi wote. Punda waliobeba maji ya kukandia udongo hawakuulizwa wanatoka nyumba ya dini gani. Na mtu angeulizaje, katika vijiji ambavyo Mwalimu Amne mwenyewe, Mwislamu, alizaliwa tumbo moja na kaka Mkristo aitwaye Isaka? Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakisomea nje, nyuma ya ghala, ambako upepo uliwajaza vumbi machoni na kuwageuzia kurasa kabla hawajazisoma. Mwalimu mkuu huyu alitaka jambo moja tu: kuwaingiza ndani, wote pamoja, kabla ya mvua.

Mzee Njiku, aliyekuwa na mjukuu darasa la kwanza, alifika asubuhi iliyofuata. Alikataa kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Mjukuu wangu Jumatatu anaingia darasani au anaingia kanisani?"

"Ni darasa, mzee. Yale ni matundu ya hewa tu."

"Hewa." Mzee alichungulia dirishani. "Na hiyo hewa haipiti kwenye tundu la mraba? Sisi wenyewe tumechoma tanuri lile, mwanangu. Kama kitu kile kitakuwepo Jumatatu, watoto wetu hawakai humo. Na wewe unayeswali nasi, tutakuuliza."

Mzee hakuwa amefika mbali alipoingia Mama Redempta wa kamati ya shule. Huyu alikaa bila kukaribishwa.

"Nimepishana na mzee. Amekutuma uzibe, eti?"

"Sijatumwa na mtu. Shule ni ya serikali, Mama Redempta. Haipaswi kuwa na alama ya dini yoyote."

"Maneno mazuri. Angeyasema Mwalimu Alphonce, msaidizi wako, tungeyapokea na kwenda zetu kupalilia. Lakini ukiziba wewe, Amne, nani atasema serikali imeziba? Watasema Mwislamu ameziba msalaba. Na watoto wetu tutawatoa."

Ilikuwa kweli. Mwalimu Amne alikuwa amesomea ualimu hadi shahada na kuongoza shule ile kwa miaka, na bado, mbele ya ukuta mmoja, alikuwa jina tu. Alimwomba Alphonce atoe amri kwa niaba yake; Alphonce akajikuna kidevu na kusema kwamba yeye ana mke na watoto hapa kijijini.

Akampigia simu afisa elimu.

"Mwalimu, serikali haina dini," sauti ilisema kwa utulivu wa mtu aliye mbali. "Hilo ni suala la jamii. Malizaneni hukohuko. Ila Jumatatu nisikute mtoto anasomea nje."

Simu ikakatwa. Serikali isiyo na dini ilikuwa haina mikono pia. Ilikuwa na mdomo wa kuagiza, na mwanamke mmoja wa kubeba lawama za pande zote mbili. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyotulinda: kanuni inatamkwa ofisini, halafu inatupwa mlangoni kwa mtu asiyeweza kuitekeleza bila kuangamia.

Jumatatu aliwaingiza mwenyewe. Wazazi walisimama nje, huku akina Njiku, kule akina Redempta, wote wakichungulia. Dari halikuwa limewekwa. Jua lilikuwa limeinuka kidogo tu, nalo lilipita kwenye matundu na kutua ubaoni: msalaba wa mwanga, juu ya a, e, i, o, u.

Mwalimu Amne alifanya alichoweza. Alisogea na kusimama mbele ya mwanga ule, auzuie kwa mwili wake.

Msalaba ukatua kifuani pake, juu ya mtandio.

"Mwalimu ameuvaa!" sauti ndogo ikasema, na darasa zima likacheka. Nje, Mama Redempta alipiga kigelegele. Mzee Njiku akapiga fimbo mlangoni.

"Wewe mjukuu wangu, toka humo!"

Mjukuu wake alisimama, kidole kikiwa bado kwenye ukurasa. Hakumtazama babu. Alimtazama mwalimu.

"Mwalimu, niende?"

Akimwambia nenda, wangemfuata wengine mpaka nusu ya madawati ibaki tupu. Akimwambia kaa, angekuwa amemtukana mzee mbele ya kijiji, akiwa na msalaba kifuani. Akisogea pembeni, mwanga ungerudi ubaoni. Mwalimu Amne hakusogea.

"Malizia kusoma kwanza," alisema.

Mtoto akasoma. A. E. I. Babu alibaki mlangoni, fimbo mkononi, akisubiri mstari uishe. Jua lilizidi kupanda, na mwanga ukateremka taratibu kutoka kifuani hadi kwenye sketi, hadi miguuni, hadi sakafuni, ambako ungezimika. Kesho, saa ileile, ungerudi.