Nyongeza ya Muuza Nyama

Jua halijapanda, naye tayari anaifuta sahani ya mzani. Anaipindua, anaipapasa chini kwa kidole. Hakuna kitu. Anaipindua tena, moyo utulie.

Muuza nyama huyu, wateja wamembatiza Nyongeza. Kila anayenunua kwake hutupiwa kipande cha ziada, aombe asiombe. Wapo wanaoondoka wakinusa mifuko yao.

"Wanadhani nauza mzoga," anasema, akicheka shingo upande.

Karibu kilo mbili kwa siku huondoka hivyo. Mkewe, anayepasua mbavu kwenye gogo, amechoka. "Mwisho tutabaki kuguguna mifupa."

Nyongeza hizi zilianza mwaka jana. Mama mmoja mjane, anayesali naye kanisa moja, alipitisha mkono chini ya sahani akakuta sumaku ambayo muuza nyama aliibandika ili nyama ionekane nzito. Bucha lilikuwa limejaa watu. Mama aliitia kikapuni, akanunua nusu kilo yake, akatoka kimya. Wateja walipopungua akarudi.

"Nimekusamehe, baba. Yameisha."

Yameisha vipi? Hapo ndipo usingizi ulipomruka. Mchungaji huhubiri kwamba neema hainunuliwi, mtu huipokea kwa imani tu, na dhambi haimtawali tena. Lakini macho ya Nyongeza yalikuwa kwenye benchi la mjane.

"Mimi ni mfanyabiashara, cha bure nakiogopa. Nilijua sumaku anayo, ananitunzia ushahidi. Siku nikimuudhi, nimekwisha."

Kurudia wizi hakutaka. Kuamini kwamba amesamehewa, nako hakuweza.

Asubuhi hii mjane anaingia. Nusu kilo inapimwa, na mkono wa Nyongeza unatupa kipande juu yake. Mama anakitoa kwa vidole viwili na kukirudisha kwenye gogo, kama afanyavyo kila wiki.

"Bado unanilipa tu, baba?"

Leo uvumilivu unamwishia. "Mama, sumaku yangu iko wapi?"

"Ile? Niliitupa chooni siku ileile."

"Chooni kweli?"

"Nenda kachungulie!"

Mkewe anaangua kicheko. Mjane anatikisa kichwa, sasa amemwonea huruma. "Kumbe ndiyo iliyokuwa inakutesa. Mimi nimesamehewa mazito kuliko hayo, na sikutoa hata senti."

Anapoondoka, Nyongeza anakaa kwenye kiti, machozi yanamlengalenga. Je, sasa anaamini?

"Naanza," anajibu. "Wiki ijayo nitampimia nusu kilo, isizidi hata chembe. Ikibidi, mke wangu anishike mikono."