Kiatu cha Chuma cha Bingwa

Hakuna kitu kilichomchosha Coralie, fundi wa bingwa wa mbio za pikipiki, kama ule mguu wa kushoto wa bingwa wake. Pikipiki za mbio hizo hazina breki, kona zote ni za kushoto, na mguu huo ndio unaoburuzwa vumbini ndani ya kiatu cha chuma. Lakini pale kwenye uwanja wa Mildura, kabla ya kila mbio, bingwa alikuwa akichimba mstari wa kuanzia kwa kisigino ili tairi lishike. Anachimba, anasawazisha, anarudia, kama kuku anayetafuta mchwa, huku pikipiki za wapinzani watatu zinanguruma zikimsubiri na jukwaa linazomea.

"Unapanda viazi, kaka?" Coralie alifoka kutoka ukingoni. "Anza mbio, tumechoka."

"Bado kidogo, dada."

Miaka yote jibu lilikuwa hilo hilo, "bado kidogo". Jumamosi moja, wakiwa bado kwenye banda, mkanda wa kiatu ulikatika. Coralie akapiga magoti kufunga mwingine, akaushika mguu. Ulikuwa unatetemeka, ilhali injini ilikuwa haijawashwa. Akainua macho, bingwa akatazama pembeni.

Coralie akaukaza mkanda kwa hasira ile ile ya siku zote. "Leo chimba mpaka uridhike," alisema. "Lakini ukishindwa, nakufukia humo humo."