Mwezi Mmoja Juu ya Pipa

Katikati ya miaka ya sabini nilihamishwa kutoka Mbeya, nikawa bwana mifugo kwenye shamba la ng'ombe la serikali upande wa Kilolo. Mzungu aliyekuwa na shamba lile alipoondoka aliacha farasi mmoja wa rangi ya majivu. Landrova yetu ilikuwa mbovu, hivyo meneja akaniambia nizungukie ng'ombe kwa farasi.

Sikujua kupanda. Nilikaa kama gunia la mahindi, na kila nilipoyumba nilijishikilia kwa hatamu. Wiki ya pili, mama wa Kihehe aliyemtunza yule farasi tangu zamani alimvua tandiko, akaniita.

"Njoo uone kazi yako, bwana mifugo."

Mgongoni kulikuwa na vidonda viwili. Pembe za mdomo zilikuwa zimechubuka.

"Si wewe unayetibu wanyama?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huyu umemuumiza wewe mwenyewe. Humpandi tena mpaka ujue kukaa."

Kesho yake nilikuta amening'iniza pipa la dizeli kwa kamba kati ya mikaratusi, nyuma ya josho, na kulifunga tandiko. Hatamu zilikuwa nyuzi za sufi alizofumia sweta. Kila uzi ukikatika, nilianza upya. Yeye alikaa kwenye kigoda akifuma, kamba ya pipa ameizungushia mguuni, akilitikisa bila kuinua macho.

"Jishike kwa nyonga," alisema. "Mikono haina kazi hapo."

Nilianguka mara nyingi sana. Kila saa kumi jioni wakamuaji walikuja na viti vyao kunitazama.

Siku moja walifika wakaguzi watatu kutoka mkoani. Walinikuta peku juu ya pipa, nimeshika nyuzi za sufi, macho nimeyafumba kama nilivyoagizwa.

"Ndugu, unafanya nini?" aliuliza kiongozi wao.

"Najifunza kutomuumiza farasi, ndugu."

"Farasi mwenyewe yuko wapi?"

"Amepumzika."

Alilizunguka pipa polepole, akaligonga kwa kalamu. Kisha akavua viatu, akavipanga vizuri, akaomba kujaribu. Mama alimwonya asivute uzi, kwa kuwa uzi ule ndio mdomo wa farasi. Akauvuta, akaanguka. Alijifuta majani, akapanda tena. Mpaka jua linazama wote watatu walikuwa wamepanda na kuanguka, na vitabu vya ng'ombe havijafunguliwa.

Ripoti yao ilisema shamba lina farasi wawili, mmoja wao mkaidi. Tuliletewa mawe mawili ya chumvi ya kulamba. Meneja, mtu wa kufuata maandishi, aliamuru moja liwekwe chini ya pipa.

Baada ya mwezi nilimaliza jioni nzima bila kukata uzi. Vidonda vilikuwa vimepona, mama akaniruhusu. Nilimpanda farasi hadi mtoni na kurudi, hatamu zimelegea. Njiani alishusha shingo, akapumua kwa nguvu puani, akaendelea kutembea kana kwamba yuko peke yake. Nilitamani kulia, lakini niliogopa kuyumba.

Zizini nilimwuliza mama kama nimefaulu. Alivua tandiko, akapitisha kiganja mgongoni mwa farasi kutoka mabegani hadi kiunoni, taratibu, kisha akarudia.

"Kesho umpande tena," akasema, akaenda kuchota maji.