Injini Kuukuu ya Asheri

Asheri aliporudi kutoka vitani Burma, alikokuwa dereva wa malori ya jeshi, kitu cha kwanza alichokiona nyumbani ni shingo ya mama yake. Ilikuwa imepinda. Miaka yote ya kuteremsha kahawa kichwani kutoka kijijini mwao, mlimani juu ya Suji, hadi tambarare, ilikuwa imeandikwa pale.

Mwaka uliofuata alipata lori lililokwisha kutumika. Jumapili moja, ibada ilipokwisha, alisimama mbele ya watu akasema, "Nichimbieni njia. Mkinichimbia njia, hakuna mama wa hapa atakayebeba gunia tena."

Wakachimba. Kiangazi cha kwanza na cha pili, wanaume kwa sururu na mitaimbo, wanawake wakisomba mawe kwa makarai. Kwenye kona ya nne jabali liliporomoka likamwua Zebedayo, seremala, ndugu wa ukoo wa Asheri, aliyeacha mke na watoto watatu. Mkewe, Hedwiga, alikaa matanga yake, kisha akachukua karai akarudi kusomba mawe pale pale.

Lori lilipanda kwa miezi kumi na minne. Liliteremsha kahawa, likapandisha mabati na chumvi, na mara mbili lilimteremsha mgonjwa ambaye zamani angebebwa kwa machela. Halafu injini ikaanza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Asheri aliisikia ikigonga, akajifanya haisikii. Asubuhi moja, karibu na stesheni ya Same, iligonga kwa nguvu mara tatu ikanyamaza.

Sefu, fundi wa magari pale Same, aliifungua akaitazama muda mrefu.

"Fimbo ya pistoni imetoboa ubavu," alisema. "Hapa hapana cha kuziba, ndugu yangu."

"Nyingine?"

"Mpya itabidi iagizwe Tanga. Tangu vita viishe watu wanangoja mwaka, wengine miwili."

Kahawa ilikuwa imeanza kuiva. Asheri hakuweza kungoja mwaka. Alizunguka tambarare kwa miguu siku tisa, shamba kwa shamba, hadi akaikuta injini kwenye shamba moja la mkonge. Ilitolewa kwenye lori la kabla ya vita, na kwa miaka mingi ilikuwa ikivuta maji ya kisima. Msimamizi alikuwa amepata pampu nyingine, akakubali kuiachia.

Sefu alipoiona ikishushwa kwenye mkokoteni, aliifuta vumbi kwa kiganja, akasoma namba zake.

"Asheri, hii ni kubwa kwa umri, ndogo kwa nguvu. Ile iliyokufa ilikuwa changa kuliko hii."

"Inawaka?"

"Kuwaka inawaka. Lakini tangu lini kisima kina mlima?"

"Ifunge," Asheri alisema.

Walisimamisha magogo matatu, wakafunga kapi na mnyororo, wakaitoa injini iliyokufa na kuiteremsha ile kuukuu mahali pake. Haikukaa. Sefu alitengeneza vishikio vya chuma upya, akatoboa matundu mengine kwenye chesisi. Siku ya sita waliizungusha kwa hendeli ikawaka. Asheri aliuzunguka mji wa Same mara mbili, akicheka peke yake ndani ya kabini. Sefu hakucheka.

Habari zilitangulia mlimani. Siku ya Alhamisi watu walipanga magunia ya kahawa mbele ya kanisa, wakakaa juu yake wakingoja.

Asheri alipanda na lori tupu. Kona ya kwanza ilipita, ya pili ikapita kwa gia ya kwanza, injini ikilia. Kwenye ya tatu rejeta ilichemka. Alishuka, akaongeza maji, akangoja ipoe. Alipofika katikati ya kona ya nne, lori likasimama. Magurudumu yalitaka kwenda, injini haikuwa na cha kuyapa. Kisha lilianza kurudi nyuma polepole, breki zikiteleza. Aliukata usukani hadi ubavu wa lori ukaegemea ukuta wa udongo. Hapo likatulia.

Watu waliteremka mbio. Wakatia mawe nyuma ya magurudumu, wakasukuma, wanaume arobaini na zaidi, mara tatu. Halikupanda. Mmoja baada ya mwingine walinyoosha migongo, wakarudi juu. Baadaye wakapita tena kando ya lori wakiteremka, wanawake mbele, kila mmoja na gunia kichwani. Mama yake Asheri alikuwa miongoni mwao. Asheri alitaka kumpokea mzigo.

"Niache," mama yake alisema. "Nimeshauzoea."

Hedwiga alikuwa wa mwisho. Alitua gunia lake juu ya jiwe, akasimama mbele ya Asheri.

"Shemeji," alisema, "watoto wataniuliza baba yao alikufa kwa ajili ya nini. Niwaambie nini?"

Asheri alitazama mikono yake yenye oili. Hedwiga akajitwika gunia mwenyewe, akaenda.

Lori lilirudishwa Same, likabaki kubeba mkonge huko tambarare. Mwanzoni Asheri alipanda nyumbani kila Jumamosi kwa miguu. Baadaye mara moja kwa mwezi. Mkewe, Dorkas, alikataa kuhamia chini. Alisema hawezi kuwaacha wale wanawake na magunia yao kana kwamba yeye hahusiki. Asheri akakodi chumba karibu na gereji ya Sefu. Mwaka wa pili injini ile nayo ilikufa. Hakutafuta nyingine.

Masika yaliyofuata alikutana sokoni Same na Lukasi, jirani yake wa mlimani, aliyeteremka kuuza maharage. Wakasalimiana. Lukasi akamweleza kwamba mvua imekata njia kwenye kona ya nne na hakuna aliyekwenda na jembe kuitengeneza.

"Na sehemu iliyobaki?" Asheri aliuliza.

"Watu wamelima. Wamepanda mahindi."

"Yameota?"

"Yameota vizuri."

Asheri alitikisa kichwa. "Udongo wa pale tuliulegeza sana," alisema, akamsaidia Lukasi kufungua gunia lake la maharage.