Vidomo vya Njugu

Maganda makavu ya njugu yana vumbi jepesi lenye harufu ya udongo, na vumbi hilo hunirudisha nyumbani kwetu karibu na Webuye, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa na umri wa miaka tisa na ulafi wa watu watatu. Mvua ilikuwa inakaribia. Mama alinunua njugu za mbegu kwa Mama Nekesa, muuzaji wa soko la Misikhu, akaniachia nizimenye. Alionya kwamba ikipungua hata punje moja, tutajuana. Nami sikula punje hata moja. Nilimega kwa meno kile kidomo kilichochongoka kwenye ncha ya punje tu, kisha nikairudisha punje kwenye karai, moja baada ya nyingine, mchana kutwa. Mama alipopima, kopo lake la gorogoro lilijaa vilevile. Nilijiona bingwa.

Wiki mbili baada ya kupanda, shamba lilikuwa na mapengo kila mahali. Mama alifukua kwa kidole, akakuta punje zimeoza. Alisema Mama Nekesa amemtapeli, na siku ya soko atamwanika mbele ya watu. Wiki hiyohiyo mwalimu wa sayansi alitupasulia njugu iliyolowekwa. Ndani ya kidomo mlilala mmea mdogo, majani yake madogo yamekunjwa, kizizi kikielekea nje. “Hiki ni kiinitete,” alisema. “Sehemu iliyobaki ni chakula chake tu.” Nilikuwa nimekula mimea yenyewe, na mama akapanda kile chakula tu.

Sokoni, mama alifoka hadi watu wakajaa. Mama Nekesa aliishi kwa kuuza mbegu. Jina lake likiharibika, nani angenunua kwake tena? Niliogopa, lakini nilivuta leso aliyojifunga mama. “Mama, ni mimi. Nilikula vidomo.”

“Ati vidomo peke yake?” Mama Nekesa aliuliza. “Sasa si ungekula tu yote, bana.”

Watu walicheka. Mama hakucheka. Alimwomba Mama Nekesa msamaha palepale, kwa sauti ya chini ambayo sijaisahau.

Leo kazi yangu ni kupima mbegu, Kitale. Zisizoota sizipitishi, muuzaji abembeleze atakavyo. Msimu uliopita nilienda nyumbani, mama akaniwekea karai la njugu za kupanda.

“Imba,” akasema. “Ukinyamaza nitajua unatafuna.”

Nina watoto wawili, na kazini nasimamia watu wanane. Niliimba.